Nyumba za Wageni Juu ya Kilimanjaro: Majina na Mizigo

Nyumba hujengwa kwa mikono ya wengi, kisha huitwa kwa jina la mmoja. Desturi hii ni ya kale katika wanadamu, wala haionekani wazi zaidi kuliko pale ambapo nyumba yenyewe ni ndogo na jina lililopachikwa juu yake ni kubwa. Katika njia ipandayo Kilimanjaro kutoka Marangu vipo vituo vitatu vya nyumba za kulala wageni, navyo huitwa Mandara, Horombo na Kibo. Mapaa yake ni ya mteremko mkali, vitanda vyake ni vyembamba, na mgeni halali katika chumba kimoja zaidi ya usiku mmoja au miwili. Lakini mtu akiuliza kwa nini nyumba hizi zimeitwa hivyo, na kabla ya hapo ziliitwaje, ataona kwamba ameuliza habari za nchi nzima.

Yafaa kwanza kueleza mahali zilipo. Mandara iko karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, penye ukingo wa msitu, na mbega huruka katika miti iliyo karibu na milango yake. Horombo iko mita 3,720, mahali ambapo miti mirefu imekwisha na kusalia vichaka na mimea mikubwa ya ajabu isimamayo kama watu waliovaa makoti. Kibo iko karibu mita 4,700, katika jangwa la mawe lisilo na maji. Kati ya kituo na kituo ni mwendo wa siku moja. Mgeni asiyetaka kufika kileleni aweza kukaa Mandara na kwenda kutazama shimo la Maundi, lililokuwa mdomo wa volkano zamani. Au akae Horombo na kwenda kwenye mawe yenye michirizi meupe na meusi kama punda milia. Watu hupanda mwaka mzima. Masika, kati ya Machi na Mei, njia ya msituni huwa tope na mawingu hufunika kila kitu. Mvua za vuli nazo hunyesha mwishoni mwa mwaka. Miezi iliyosalia huwa mikavu zaidi, na Mawenzi na Kibo huonekana asubuhi kama zimeoshwa. Ndiyo sababu mahali hapa pamekuwa pa mapumziko kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini mapumziko ya mtu mmoja mara nyingi ni kazi ya mwingine, na jambo hili lataka kukumbukwa katika habari yote inayofuata.

Wachaga wa zamani hawakuhitaji nyumba ya kupumzikia mlimani, kwa kuwa mlima ulikuwa kwao. Msitu uliwapa mbao na asali, na mifereji iliyonywesha migomba yao ilianza katika vijito vya juu. Mwaka 1848 mmishenari Johannes Rebmann alifika nchi hiyo akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara. Rebmann aliona kitu cheupe kileleni; alipouliza ni nini, kiongozi wake alikiita baridi tu. Jibu hilo lilikuwa sahihi kuliko maneno mengi yaliyoandikwa baadaye. Ulaya, mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley alikanusha habari hiyo, akishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Hivyo waliolala chini ya mlima waliijua theluji, na aliyelala London aliikataa.

Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kupanda zaidi ya mara moja. Mwaka 1888 safari yake ilikatizwa na vita vya pwani: alikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, akaachiliwa kwa fidia. Mwaka uliofuata alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, wakapokewa Marangu na Mangi Marealle, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama juu ya kilele cha Kibo. Meyer akakiita kwa jina la mfalme wake, Wilhelm. Wapagazi wengi walikuwa wamerudishwa chini kwa sababu ya baridi. Aliyebaki na Wazungu wale wawili katika kambi ya juu, akilinda hema na kupika, alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Yafaa kumfikiri mwana wa mji wa minazi na joto la mto, akikesha mahali ambapo maji hugeuka jiwe usiku. Desemba ya mwaka huohuo Abushiri alinyongwa huko Pangani. Kwa hiyo bendera moja ilipanda kwa njia mbili katika mwaka mmoja: kileleni kwa mashoka ya barafu, na pwani kwa kamba.

Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu lilikuja kutukuzwa baadaye sana. Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka mia moja ya safari ile, alitambuliwa kuwa miongoni mwa waliomwongoza Meyer, naye akiwa mzee sana. Alifariki mwaka 1996. Wako wataalamu wanaobishana juu ya hesabu ya umri wake. Lakini hata wabishanao hawawezi kukana kwamba Meyer hakuipita misitu ile bila wenyeji wa kumwonyesha njia, na kwamba heshima ya wenyeji hao ilichelewa karne nzima.

Mwaka 1891 alifika Marangu mtu wa namna nyingine. Carl Peters alikuwa ametumwa kuwa kamishna wa serikali ya Ujerumani katika nchi ya Kilimanjaro. Katika kituo chake alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na mapema mwaka 1892 akamnyonga msichana aitwaye Jagodia. Habari hizo zilipofika katika bunge la Berlin zilileta fedheha kubwa, na mwaka 1897 Peters alifukuzwa katika utumishi. Waafrika hawakuwa wamengoja hukumu ya Berlin. Walikwisha kumwita Mkono wa Damu.

Basi mnamo mwaka 1912 Wajerumani waliokaa Moshi, wapendao kupanda milima kama kwao Alpi, walipasua njia kutoka Marangu na kuanza kujenga vibanda. Kile cha chini kilipewa jina la Bismarck, waziri mkuu wa zamani. Kile cha juu kilipewa jina la Peters. Yaani juu ya kijiji kilekile palipotendeka mauaji yale, mtu ambaye serikali yake yenyewe ilimfukuza aliwekwa kuwa mwenyeji wa wageni. Mzee wa Marangu aliyekumbuka mambo ya mwaka 1891, kama alikuwa na mwanawe katika kazi ya upagazi, alimsikia kijana huyo akisema kwamba leo analala kwa Peters.

Vita vikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yalitwaa Moshi, na baada ya vita Tanganyika ikawekwa mikononi mwa Waingereza. Mtu angetazamia kwamba washindi wangefuta majina ya maadui zao. Hawakufanya hivyo. Chama cha wapanda milima kilichoundwa Moshi mwaka 1929 kilivitunza vibanda, na mwaka 1932 cha tatu kikaongezwa chini ya Kibo. Wageni wakaendelea kulala kwa Bismarck na kwa Peters, na hata kilele kikaendelea kuitwa kwa jina la Kaiser. Hapana shaka wengi hawakukusudia ubaya. Waliona majina hayo kuwa ya ramani tu. Lakini hapo ndipo penye fundisho. Jina likikaa muda mrefu huacha kusikika, na dhuluma isiyosikika huonekana kuwa desturi. Wakoloni wawili walipigana juu ya nchi, wala hawakugombana juu ya haki ya kuipa majina.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera ya Tanganyika huru juu ya kilele, nacho kikaitwa Uhuru. Vibanda navyo vilipata majina mapya: Bismarck akampisha Mandara, na Peters akampisha Horombo. Katika miaka ya 1970 nyumba mpya za mbao zilijengwa kwa msaada wa Norwe, nchi ambayo watu wake hupenda mno kuwa na kijumba mlimani. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977.

Je, majina mapya yalikuwa ya haki? Horombo alikuwa mangi wa Keni, upande wa Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliteka sehemu kubwa ya nchi ya mashariki ya mlima na kujenga ngome za mawe. Rindi, aliyejulikana kama Mandara, alitawala Moshi, akajitajirisha kwa vita na biashara, na mwaka 1885 akakubali mkataba na Wajerumani ili wamsaidie juu ya jirani zake. Alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli alipigana na Wajerumani haohao, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba majina ya dhambi yaliondolewa yakaletwa ya watakatifu. Waliopigwa na Horombo na waliotekwa na Rindi walikuwa pia watu wa mlima huu. Hata hivyo badiliko lilikuwa na maana. Mwenye nyumba ana haki ya kuita vyumba vyake kwa majina ya wazee wake, pamoja na makosa yao. Mgeni aliyeingia kwa bunduki hana haki hiyo hata kama ni mwema.

Lakini lipo jambo ambalo badiliko hilo halikuligusa. Katika Kibo hakuna maji. Yale yanayochemshwa kwa chai ya mgeni hubebwa kutoka chini. Chakula, gesi na mizigo ya mgeni, vyote hupanda juu ya kichwa au mgongo wa mtu. Kanuni za hifadhi zaweka kiwango cha kilo 20 kwa mpagazi mmoja, na wapagazi wenyewe hujiita wagumu, jina walilojipa badala ya kungoja kupewa. Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, na sasa mgeni aweza kutuma picha yake nyumbani kabla jasho la aliyembebea mkoba halijakauka. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyepanda mikono mitupu husimulia uzuri wa njia. Aliyebeba hujua urefu wake.

Vibanda vya Kilimanjaro vimepewa jina la waziri wa kigeni, la mkoloni mwenye damu mikononi, na la wafalme wawili wa Uchaga. Hakuna hata kimoja kilichopewa jina la mpagazi. Mwini Amani wa Pangani, aliyekesha juu kuliko kituo cha Horombo kabla ya ubao wa kwanza kupigiliwa msumari, hana kibanda. Historia ya mlima imeshasahihishwa mara moja, mwaka 1961, kuanzia kileleni. Imebaki kusahihishwa kuanzia chini, pale langoni Marangu, ambapo kila alfajiri vijana husimama katika mstari kungoja mizigo ipimwe kwenye mizani.