Mpini wa gofu na uti wake wa mgongo

Wadau, wiki jana dawati la michezo lilipungukiwa watu, nikatupwa kwenye gofu. Mimi, mtoto wa mpira wa makaratasi! Habari niliiandika, ikatoka. Ila kuna kitu hakikuingia gazetini.

Kedi mmoja alinivuta pembeni. Mpini wa fimbo yake kubwa ulivunjika, fundi akamwekea mwingine, na tangu siku hiyo mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Fundi anasema mpini "haukupangwa uti", aongeze hela aupange. Hela aliyonayo ni ya kiingilio cha mashindano ya mwezi ujao. "Wewe bwana umesoma chuo kikuu, hebu nitafutie kama ni kweli au naliwa."

Nikaanza kusoma, nikajikuta Scotland ya karne ya 19. Enzi hizo mpini ni mti, na mti uliopendwa ni hikori, uliosafirishwa kutoka Marekani. Fundi aliugeuza mkononi akifuata nyuzi zake kwa macho, akitafuta kijiti ambacho nyuzi zimenyooka toka juu hadi chini. Kwa hiyo suala la upande upi wa mpini ukae wapi si la jana. Hakukuwa na mipini miwili iliyolingana, na mchezaji aliizoea fimbo yake kama mtu anavyoizoea baiskeli mbovu. Bobby Jones alichukua mataji yote manne makubwa ya wakati wake mwaka 1930 kwa mipini ya hikori.

Chuma kilikuja na ahadi moja: mipini yote itafanana. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilikiruhusu mwaka 1924; wakubwa wa R&A kule St Andrews wakasubiri hadi 1929. Mwaka 1931 Billy Burke akawa wa kwanza kushinda US Open kwa mipini ya chuma, tena baada ya kufungana na George Von Elm na kulazimika kurudia mashimo 72. Jumla mashimo 144, tofauti pigo moja. Mimi ningelala palepale uwanjani.

Lakini ahadi ile ilikuwa na mshono. Mipini mingi ya chuma huanza kama bamba linalokunjwa kuwa bomba na kuunganishwa kwa moto, na ukuta wake unaweza kuzidi unene kidogo sana upande mmoja. Grafaiti, iliyoingia miaka ya 1970, ni karatasi za nyuzi za kaboni zinazoviringishwa kwenye fito. Karatasi inapoishia, tabaka linazidi. Mpini wa hivyo una upande mgumu kuliko mwingine, na huo ndio mafundi wanauita uti wa mgongo. Ubane mwisho mmoja, funga uzito mwisho wa pili, uvute na uuachie. Ukitikisika kwa mstari ulionyooka, umepata pa kuupanga. Ukichora yai hewani, bado.

Marekani, Dick Weiss alijijengea jina kwa mashine ya kazi hiyo, SST PURE. Hapo ndipo sheria ikanifurahisha. Kanuni inataka mpini ukunjike sawasawa kila upande. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachofikia ukamilifu huo, waraka wa USGA na R&A unaruhusu kuupanga mpini ili ufanye kazi kana kwamba umelingana. Ukiupanga ili kurekebisha mipira yako inayopotea, umevunja sheria. Mkono uleule, gundi ileile, mpini uleule. Kosa liko kwenye nia. Sijui refa gani anabeba kipimo cha nia.

Je, inasaidia? Mafundi wenyewe wanabishana mpaka leo. Ninavyoona mimi, kwenye mpini mbovu wa zamani tofauti inaweza kusikika mkononi. Mipini mizuri ya sasa imekaribiana mno kuzunguka pande zote, hata uti wenyewe ni shida kuupata. Na kuna kichekesho: tangu 2008 sheria inaruhusu fimbo ambazo mchezaji mwenyewe anarekebisha pembe ya kichwa. Kwenye nyingi kati ya hizo, ukizungusha kiungio, mpini nao unazunguka. Ule mpango uliolipia umekwenda na maji.

Jumamosi nikarudi kwa kedi. Nikamwambia kabla ya uti tuanze na mambo ya kawaida: urefu, uzito, ugumu wa mpini. Vipande vya ule uliovunjika alikuwa navyo bado nyumbani, kavifunga kwa mpira wa baiskeli. Tukaazima utepe kwa fundi cherehani wa jirani, tukaunganisha vipande, tukapima.

Mpini mpya umezidi inchi moja na nusu.

Kiingilio amelipa.