Majeraha ya Shingo Yasiyoonekana

Hapana sehemu ya mwili wa mwanadamu yenye kazi nzito katika umbo jembamba kama shingo. Pingili saba za mfupa zimepangwa moja juu ya nyingine. Zabeba kichwa chenye uzito wa kilo nne au tano, zakigeuza huku na huku kutwa kucha, na ndani yake wapita uti unaochukua habari baina ya ubongo na kiwiliwili. Mtu akivunjika mguu watu humwona akichechemea, wakamsadiki. Aliyeumia shingo aweza kuonekana mzima. Hula, hutembea, na huulizwa kwa nini haendi kazini. Historia ya utabibu wa shingo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya ubishi juu ya mtu huyu: asadikiwe au asisadikiwe, na akisadikiwa, dawa iwekwe wapi.

Maandiko ya kale sana juu ya upasuaji yaliandikwa Misri, kwenye karatasi ya mafunjo, yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, nayo yalinakiliwa kutoka maandiko ya zamani zaidi. Mmarekani Edwin Smith aliyanunua Luxor mwaka 1862, na mwaka 1930 mtaalamu James Henry Breasted alitoa tafsiri yake. Mna humo habari 48 za majeruhi, zikianzia kichwani na kushuka chini, na habari ya 29 mpaka ya 33 ni za shingo. Tabibu yule hakuwatia wote kapu moja. Alimtaka mgonjwa ajaribu kutazama mabega yake na kifua chake, kisha akatoa hukumu. Kama pingili imeteguka tu, na mtu aona taabu kugeuka, huyo alikuwa wa kutibiwa: nyama mbichi ifungwe penye maumivu siku ya kwanza, kisha asali kila siku mpaka apone. Kama pingili imehama mahali pake, na mtu hana habari ya mikono yake wala miguu yake, na mkojo wamtoka bila ya kujua, tabibu alisema wazi kwamba hana dawa. Tusimcheke kwa nyama yake mbichi. Kupambanua baina ya shingo iliyoteguka na uti uliokatika ndilo jambo la kwanza afanyalo daktari mpaka leo.

Katika zama za Warumi alikuwako tabibu mkuu jina lake Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129. Alikuwa amewatibu watu waliopigana kwa panga uwanjani, na alikuwa amekata uti wa wanyama mahali mbalimbali ili aone ni kiungo gani kitakachokufa ganzi. Siku moja aliletewa habari ya mwanachuoni kutoka Shamu, Pausanias, ambaye vidole vyake viwili vidogo na nusu ya kile cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Waganga walikuwa wakivipaka vidole hivyo dawa, na kila dawa ilishindwa. Galen hakuanza na vidole. Alimwuliza mgonjwa kama amepatwa na pigo lo lote kabla ya hapo. Pausanias akakumbuka kwamba aliwahi kuanguka kutoka garini, akajipiga juu ya mgongo, karibu na shingo, katika jiwe. Maumivu yale yalipoa upesi, hata hakuyafikiri tena, lakini ganzi ya vidole ikaja baadaye na kuzidi.

Galen aliamuru dawa ziondolewe vidoleni na kuwekwa pale chini ya shingo, kwa kuwa alijua mshipa wa fahamu wa vidole vile watoka pale. Mgonjwa akapona. Waganga wengine walibishana naye, wasielewe vipi kidole kiweze kujongea na huku hakisikii kitu; naye akawaeleza kwamba mishipa ya kujongea na ya kusikia si mamoja. Mimi naona kwamba katika kisa chote hiki dawa ni jambo dogo kuliko lile swali lake kwa mgonjwa, ambalo halikugharimu hata senti moja.

Karne nyingi zilipita bila ya jambo kubwa la kusimulia, mpaka lilipokuja gari la moshi. Reli ilileta ajali za namna mpya: watu wengi walitikiswa kwa mara moja, nao wakatoka bila ya jeraha. Huko Staplehurst, Uingereza, tarehe 9 Juni 1865, gari la moshi lilianguka darajani na watu 10 wakafa. Mwandishi Charles Dickens alikuwamo. Alitoka mzima, akawahudumia majeruhi, lakini tangu siku hiyo alisafiri kwa reli akiwa na hofu kubwa. Mwaka uliofuata, daktari wa London, John Eric Erichsen, alichapisha mafundisho yake juu ya wasafiri wa jinsi hii. Alieleza jinsi mtu anavyotoka katika ajali kwa miguu yake, akajiona mwenye bahati, na baada ya siku au majuma shingo na mgongo vikaanza kumsumbua, asilale, asiweze kazi. Hakuweza kuonyesha kilichovunjika. Alifananisha na sumaku ya chuma ipigwayo nyundo: umbo halibadiliki, nguvu yatoweka.

Basi hapo palizuka kesi nyingi za fidia, na makampuni ya reli hayakukaa kimya. Mwaka 1883 Herbert Page, daktari aliyetumikia kampuni moja ya reli, alitoa kitabu chake, akadai kwamba wengi wa watu hawa uti wao haukudhurika, ila wamepatwa na hofu. Hakusema kwamba wote ni waongo, wala si haki kumsingizia hivyo. Walakini neno lake lilipofika mahakamani, aghalabu lilitumika kana kwamba ndivyo alivyosema.

Kisha likaja gari la mafuta, na pamoja nalo kugongwa kwa nyuma. Mwaka 1928, huko San Francisco, daktari Harold Crowe alifananisha mwendo wa shingo katika ajali hiyo na mwendo wa mjeledi. Baadaye alisikitika kwamba neno alilokusudia lieleze mwendo limegeuzwa kuwa jina la ugonjwa. Mwaka 1955 wataalamu wa chuo kikuu cha California, mjini Los Angeles, waligonganisha magari makusudi na kupiga picha. Ikaonekana kwamba kichwa hurushwa kwa nguvu zaidi kuliko gari lenyewe. Kwa sababu hiyo Marekani ilitoa amri kwamba magari madogo mapya yatakayoundwa tangu tarehe 1 Januari 1969 yawe na kizuizi cha kichwa juu ya viti vya mbele. Msomaji apandaye matatu na aangalie kiti chake: kizuizi kilicho chini sana, kikafika shingoni tu, hakikishiki kichwa.

Kwa muda mrefu dawa iliyopendwa ilikuwa kufunga shingo kwa kola na kuipumzisha. Mwaka 1986 madaktari wa Dublin waliwagawa wagonjwa 61 makundi mawili. Wengine wakavishwa kola, wengine wakaanza mapema kuijongeza shingo taratibu. Baada ya majuma manane, hawa wa pili walikuwa na maumivu machache na shingo nyepesi zaidi. Mwaka 1995 jopo la Quebec, Kanada, lilipanga majeruhi hawa daraja kwa daraja, tangu asiye na dalili yo yote hata aliyevunjika mfupa. Mwenye ganzi au udhaifu wa mkono akawekwa daraja la tatu, ambako Pausanias angaliwekwa, nalo lataka uchunguzi wa makini.

Walibaki wale ambao shingo yao iliuma miaka na miaka, na picha za mifupa hazionyeshi kitu. Mwaka 1996 wataalamu wa Newcastle, Australia, walichagua watu 24 walioumia katika ajali za magari, wakatafuta kwa sindano za ganzi ni kiungo kipi kidogo cha shingo kiumacho. Kisha nusu yao walichomwa mshipa wa kiungo hicho kwa joto la nyuzi 80, na nusu walifanyiwa vivyo hivyo bila ya joto, wala mgonjwa hakujua yu kundi gani. Walipohesabu siku mpaka maumivu yarudi kufikia nusu ya yalivyokuwa, mgonjwa wa katikati katika kundi lisilopata joto alipata siku 8. Wa kundi la joto alipata siku 263.