Tabibu na Maneno ya Wagonjwa Wake

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humfichua. Lakini je, msomaji wangu, yule asiyeyaficha, bali huyataja mbele ya tabibu kwa lugha ya mama yake, na tabibu asimwelewe, afanyeje? Katika sehemu zetu hizi swali hilo si la mchezo. Siku ya soko mjini Kitale au Bungoma utasikia Kibukusu, Kisabaoti, Kiturkana na Kiswahili katika njia moja. Bibi mzee akienda zahanati, pengine mjukuu wake ndiye mkalimani. Naye mtoto hulifupisha neno, au huona haya kulitamka.

Ng'ambo ya Mlima Elgon, katika nchi ya Uganda, aliishi tabibu aliyelishughulikia jambo hili kwa bidii. Jina lake Albert Cook, Mwingereza, aliyezaliwa London mwaka 1870, akasomea udaktari Cambridge na katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alitumwa Uganda na chama cha misheni cha CMS. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa kutoka Mombasa, basi sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya miguu. Zama hizo njia ya misafara ya kwenda Uganda ilipita Mumias, kwa jirani zetu wa kusini. Mwezi wa Februari 1897 alifika Mengo, akafungua hospitali mwezi uo huo. Pamoja naye alikuwa muuguzi Katharine Timpson, ambaye walioana mwaka 1900.

Waganda walikuwa wamekwisha kupata Biblia nzima kwa lugha yao mwaka 1896, kazi ya George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta na wenziwe. Lakini maneno ya kitabu cha dini hayamtoshi tabibu. Yeye hutaka kuuliza maumivu yalianza lini, yako mahali gani, tena yanachoma au yanakata. Kwa hiyo mwaka 1903 Cook alitoa kitabu cha maneno na sentensi za uganga kwa Kiluganda. Maneno hayo hayakuzaliwa London. Yalikuwa vinywani mwa Waganda wenyewe. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack walikuwa wametambua wagonjwa wa malale, na mwaka 1902 radi ikaiteketeza hospitali, ikajengwa upya.

Baadaye Cook na mkewe waliandika kwa Kiluganda kitabu cha ukunga, Amagezi Agokuzalisa, maana yake maarifa ya kuzalisha. Fikiri faida yake. Mkunga aliye peke yake usiku, mbali na daktari, hana nafasi ya kutafuta mkalimani. Akiwa amejifunza kwa lugha yake, maarifa humjia papo hapo, na maisha mawili yamo mikononi mwake.

Hata hivyo tusimsifu mtu kupita kiasi. Cook aliamini kwamba kaswende imeenea mno katika Uganda. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba wengi wa wagonjwa wale huenda walikuwa na buba, au ugonjwa wa jamii yake, usioambukizwa kwa zinaa. Basi kuijua lugha ya watu ni mlango tu. Aingiaye yampasa bado kutazama vema, asiwahukumu wenyeji upesi.

Cook alifariki mwaka 1951, na hospitali ya Mengo ingali inatibu watu hata leo. Nawe kijana, unayesoma habari za mwili kwa Kiingereza ili ushinde mtihani, jaribu jioni ya leo kumweleza mzee wa nyumbani kazi ya figo kwa lugha yake. Ukikwama, usicheke wala usiilaumu lugha. Keti chini, umwulize yeye maneno, uyaandike. Huenda siku moja mgonjwa akayahitaji.