Kutoka Shilingi 20 Hadi Asilimia 2.75

Mwaka 1966, mfanyakazi Mkenya aliyepokea shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alianza kukatwa shilingi 20 za bima ya hospitali. Mfuko wa taifa wa bima hiyo, NHIF, ulikuwa bado idara tu katika Wizara ya Afya, na mkulima na mchuuzi hawakuwamo.

Walikaribia kuingizwa wote mwaka 2004. Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipeleka bungeni mswada wa bima kwa kila Mkenya, wabunge wakaupitisha Desemba. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Kila mtu alitaka matibabu yalipiwe. Swali lilikuwa mfuko wa nani.

Swali hilo lilirudi 2010, serikali ilipotaka kupandisha makato. Vyama vya wafanyakazi vikakimbilia mahakamani, na kiwango cha juu kikabaki shilingi 320 hadi Aprili 2015, kilipofika 1,700.

Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria iliyoizika NHIF. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, bila kikomo. Wa shilingi 500,000, aliyekuwa akitoa 1,700, hutoa 13,750. Mahakama Kuu iliiharamisha sheria hiyo Julai 2024, ikisema wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na SHA, mamlaka ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, ikaanza kazi Oktoba 1.

Wenye mishahara ndio waliopiga kelele zaidi, ila mimi namtazama mama mboga. Akijisajili huulizwa: paa lako ni la nini? Choo je? Unapikia kuni au gesi? Majibu yake ndiyo hukadiria mchango. Hakuna wa chini ya 300 kwa mwezi, na sheria ilimtaka alipe mwaka mzima kwa mpigo: 3,600 taslimu. Anayenunua sukuma wiki alfajiri kwa pesa za mauzo ya jana atazitoa wapi? Baadaye serikali ilileta mpango wa mkopo na kuuita Lipa SHA Pole Pole, jina linalokiri kosa lenyewe.

Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilisema mfumo wa kompyuta wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Wapinzani wakapata hoja mpya. Hata hivyo, mwajiri bado anatakiwa kuwasilisha makato kufikia tarehe 9 ya kila mwezi.