Kamba ya Mzamia Lulu

Wanaofundisha uongozi siku hizi hulipenda mno neno kuzama. Kiongozi, wasema, asikae ukingoni. Ajitose katika maisha ya anaowaongoza, ale walacho, aunguzwe na jua lao, ndipo atakapowajua. Sitiari hii ni nzuri, wala sina ugomvi na uzuri wake. Lakini ipo kazi moja ambamo kuzama hakukuwa sitiari, nayo ni ya vyombo vya lulu vya Ghuba.

Msimu mkubwa uliingia na joto ukamalizika Septemba. Mzamia alijibana pua kwa kibanio cha mfupa au gamba la kasa, akavika vidole ngozi, akatundika kikapu shingoni, akatia mguu katika kamba yenye jiwe, akashuka. Dakika moja, pengine na nusu yake. Juu alisimama mvutaji, mkono kambani, akingoja mtikisiko. Sijui kazi nyingine iliyompa mtu dhamana ya pumzi za mwenziwe waziwazi kiasi hicho.

Na nahodha je? Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, bwana wa chombo. Lakini bwana huyu hakuwa mtawala wa mbali. Alikaa miezi ileile juu ya sitaha ileile, na chaza walifunguliwa mbele ya macho yake. Kwa kipimo cha walimu wetu, alikwisha kuzama. Hata hivyo mzamia alirudi nchi kavu na deni. Alikopeshwa kabla ya msimu, akakatwa baada yake, na hesabu ilikaa kwa yule yule aliyemkopesha. Deni lilimfunga hadi msimu mwingine, na akifa liliweza kumwangukia mwanawe. Nahodha naye alidaiwa na tajiri wa mjini, ambaye hakulowa hata kisigino.

Tusisahau kwamba baadhi ya wazamia hao walikuwa watu wa pwani hii ya Afrika, au wana wao, waliopelekwa Ghuba utumwani. Walichokipata chini ya maji kilikwenda kwa mabwana zao. Sisi tunaosimulia kwa fahari majahazi ya Kuwait yaliyoletwa na kaskazi kuchukua boriti, mara chache huwataja hao.

Huko Bahrain, katika miaka ya 1920, serikali iliyosukumwa na Waingereza iliamuru kila mzamia awe na daftari lake la hesabu, na mikopo iwekewe mpaka. Manahodha na matajiri wengi walipinga, na sababu yao haihitaji mfasiri. La kustaajabisha ni la mwaka 1932. Lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia vilikwisha kuliangusha soko, mikopo ikapunguzwa, na safari hii walioinuka kwa ghasia mjini Manama walikuwa wazamia wenyewe. Mkopo ule ule uliowafunga ndio uliokuwa chakula cha watoto wao mpaka chombo kirudi. Nahodha aliishi nao bila kuwaandikia haki. Mwenye sheria aliwaandikia haki bila kujua jikoni mwao mna nini.

Mwaka huo huo wa 1932 mafuta yaligunduliwa Bahrain. Wazamia wakaanza kwenda kutafuta kazi ya mshahara, na vyombo vya lulu, mwaka baada ya mwaka, vikabaki vimepwelewa ufukweni.