Jua la Miezi Mitatu

Mwezi Juni, mjini St Petersburg, usiku hauna giza la kweli. Desemba mambo hugeuka: jua huchomoza saa nne asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Watu wa anga hilo hulionea jua uchu. Sisi tunaokimbilia chini ya mwembe ifikapo saa nane mchana hatuna budi kuielewa kwanza njaa yao, ndipo tuelewe kwa nini wachoraji wa Urusi walichora kwa pupa mwanga ulioangukia meza ya chai, kitambaa cheupe au mbao za baraza la nyumba ya shamba.

Nyumba hizo huitwa dacha, na zilianza kama zawadi ya mfalme. Mwanzoni mwa karne ya 18, Peter Mkuu aliwagawia makabaila wake viwanja kando ya barabara iendayo Peterhof, akawataka wajenge na kupanda bustani. Kwa zaidi ya miaka mia moja dacha zikabaki kuwa anasa ya wakubwa. Aliyezifikisha kwa karani, daktari na mwalimu ni gari moshi. Reli ya kwanza, kutoka St Petersburg hadi Tsarskoye Selo, ilifunguliwa mwaka 1837. Ile ya kwenda Moscow, mwaka 1851. Muongo mmoja baadaye wakulima waliokuwa mali ya mabwana wao waliachwa huru, na makabaila waliozoea jasho la bure wakaanza kuzama kwenye madeni. Wakakodisha nyumba zao, kisha wakauza ardhi.

Basi kila mwanzo wa kiangazi mikokoteni ilipakiwa vitanda, magodoro, masufuria na samawari, familia nzima ikahamia shamba. Baba alibaki kazini mjini, akawafuata kwa treni, mikono imejaa vifurushi alivyoagizwa na mkewe, na majirani wa mkewe. Mwandishi Chekhov alimwandikia mume wa aina hiyo mchezo mfupi wa kuchekesha mwaka 1889, na maskini yule anakaribia kurukwa na akili.

Reli ndiyo pia iliyogharamia picha za jua. Savva Mamontov alirithi biashara ya reli kutoka kwa baba yake, na mwaka 1870 akanunua Abramtsevo, shamba la kale lililo kaskazini ya Moscow. Alikuwa tajiri wa ajabu kidogo: aliimba opera, alichonga sanamu, na nyumba yake ilikuwa wazi kwa wasanii. Repin alikuja, Polenov akaja, Vasnetsov akaja, baadaye Vrubel. Miongoni mwa watoto waliozoea kushinda humo alikuwamo Valentin Serov, aliyefiwa na baba yake akiwa na miaka sita.

Mwaka 1887 Serov, sasa kijana wa miaka 22, alikuwa Venice. Kutoka huko alimwandikia mchumba wake akilalamika kwamba wachoraji wa zama zao huchora mambo mazito tu, ilhali yeye alitaka ya kufurahisha. Leo maneno hayo yanasikika mepesi. Wakati ule yalikuwa karibu na uasi. Tangu mwaka 1870 chama cha wachoraji wa maonyesho ya kuzunguka kilikuwa kimewafundisha Warusi kwamba picha ni shahidi wa mateso ya wananchi, na Repin alikuwa ameshawaonyesha wale wavuta majahazi wa mto Volga, wamefungwa mikanda vifuani. Mbele ya kazi kama hiyo, msichana anayetabasamu kwa mbali asiye na shida yoyote alionekana mchezo wa watoto wa matajiri.

Serov alimchora hata hivyo. Vera, binti wa Mamontov, alikuwa na miaka 11, na kwa zaidi ya mwezi alilazimika kuacha michezo na kukaa kwenye meza ya chumba cha kulia huko Abramtsevo. Picha inaitwa “Msichana na Mapichi”. Dirisha liko nyuma yake, kwa hiyo uso unaotutazama uko kivulini, na bado unang'aa. Blauzi ni ya waridi, lakini ukiifuata kwa jicho sehemu baada ya sehemu unakuta kijivu, samawati, hata ukijani ulioingia kutoka bustanini. Kitambaa cheupe cha meza karibu hakina mahali palipo peupe kabisa. Juu yake pana kisu, majani makavu, na mapichi yaliyooteshwa katika nyumba ya vioo palepale shambani. Serov alisema alitaka picha iliyokwisha ibaki na ubichi wa rangi ambayo haijakauka, na sijui mchoraji mwingine wa nchi yake aliyelipata hilo akiwa na umri huo. Mwaka uliofuata, huko Domotkanovo, mkoa wa Tver, alimkalisha binamu yake Maria chini ya mti, akarudia kazi hiyo nje kabisa, madoa ya jua yakimchezea blauzi na sketi.

Wahakiki hupenda kuiita kazi hii tawi la mtindo wa Wafaransa. Mimi naona ni uvivu wa kupanga picha makabatini. Monet humwacha mtu ayeyuke ndani ya mwanga. Vera hayeyuki, yuko tayari kuinuka na kukimbia.

Wala si kila mtu alifuata raha shambani. Mwaka 1879, baada ya jaribio la kumuua Tsar, mfalme wa Urusi, Wayahudi walifukuzwa Moscow. Isaac Levitan, mwanafunzi wa sanaa asiye na senti, akajikuta na ndugu zake kwenye kijumba huko Saltykovka. Mchoraji mkubwa kuliko wote wa mandhari ya Urusi alianza maisha ya dacha kama mkimbizi.

Mwanga wa Abramtsevo nao haukudumu. Mamontov alikamatwa mwaka 1899 kwa tuhuma za fedha za reli. Baraza la mahakama lilimwachia huru mwaka uliofuata, lakini alikuwa ameshafilisika. Vera alifariki kwa nimonia mwaka 1907, akiwa na miaka 32. Kati ya misiba hiyo miwili, Januari 1904, Chekhov alitoa jukwaani mchezo wake wa bustani ya micheri. Humo mfanyabiashara Lopakhin, ambaye wazazi wake hawakuwa huru, anawashauri wenye shamba wakate miti na kukodisha viwanja vya dacha. Wapenzi wa picha hizi huchanganya kasri la kabaila na dacha kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba dacha ndiyo iliyolimeza kasri.

Mwaka 1917, baada ya mapinduzi, amri ya ardhi ikamaliza kilichobaki. Makasri mengine yalichomwa, Abramtsevo ikageuzwa makumbusho. Katika St Petersburg yenye njaa ya mwaka 1918, wakati huo ikiitwa Petrograd, Boris Kustodiev, miguu imepooza, alichora mke wa mfanyabiashara akinywa chai barazani, mbele yake tikiti maji, zabibu na mikate. Alikuwa anachora asichokuwa nacho mtu yeyote mtaani.

Kisha kuna Aleksandr Gerasimov, ambaye ananisumbua. Mwaka 1935, nyumbani kwao Michurinsk, alichora baraza lililotoka kunyeshewa: mbao zimelowa, miguu ya meza inaonekana sakafuni kama ndani ya kioo, glasi imeangushwa na mvua. Ni picha nzuri mno. Miaka mitatu baadaye alimchora Stalin na waziri wake wa ulinzi, Voroshilov, wakitembea Kremlin, na njia yao pia imelowa mvua, mkono uleule, ustadi uleule. Kipaji hakikumuuliza bwana wake anakwenda kwa nani.

Wakati huo waandishi waliokubalika walikuwa wanapewa na serikali dacha huko Peredelkino, nje ya Moscow. Raia wa kawaida alisubiri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mwaka 1949, wafanyakazi walianza kugawiwa viwanja kupitia sehemu zao za kazi, na kipimo kilichozoeleka kikawa mita za mraba 600. Watu walijenga vijumba kwa mbao za kuokoteza, na mbele ya kijumba wakaweka baraza la madirisha yaliyotolewa kwenye nyumba zilizobomolewa. Bustani ilikuwa ya viazi kuliko maua. Katika miaka ya 1990, mishahara ilipocheleweshwa kwa miezi, viazi hivyo ndivyo vilivyozivusha familia nyingi za mjini majira ya baridi.