Kiti cha Askofu na Urefu wa Njia

Askofu Mkuu hana uaskofu mkubwa kuliko wa wenzake. Neno hili huwashangaza wengi, maana tumezoea serikali, ambako mkuu wa mkoa humwagiza mkuu wa wilaya. Kwa Waanglikana daraja takatifu ni tatu tu: shemasi, kasisi na askofu. Majina mengine ni ya kazi.

Tuchukue mifano ya kwetu. Mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu Namirembe, Uganda, awe Askofu Msaidizi wa Central Tanganyika. Hakuwa na dayosisi yake mwenyewe, lakini kipaimara alichotoa kilikuwa kamili. Askofu wa dayosisi ndiye mwenye kiti, na kanisa lenye kiti hicho ndilo huitwa kanisa kuu. Askofu Mkuu huwaongoza maaskofu wenzake huku akibaki na dayosisi yake. Uingereza kiti chake hakitoki Canterbury; Tanzania huhama. Jimbo letu lilipoanza mwaka 1970, Askofu Mkuu alikuwa John Sepeku wa Dar es Salaam. Akafuata Musa Kahurananga wa Western Tanganyika, mwenye makao Kasulu, kisha John Ramadhani wa Zanzibar na Tanga.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Enzi za Kahurananga nchi ya Mpanda ilikuwa ndani ya dayosisi yake. Mwanglikana wa Misunkumilo alikuwa chini ya Askofu Mkuu mwenyewe. Je, cheo hicho kilimfupishia njia ya Kasulu? Hata kidogo. Mtoto aliyemaliza mafundisho alingoja askofu afike, kwa maana kuwekewa mikono hakutumwi kwa barua. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Njia ilifupishwa mwaka 2010, ilipoanzishwa Dayosisi ya Ziwa Rukwa na kiti chake kikawekwa Mpanda, hata kabla ya kuwapo Mkoa wa Katavi. Askofu wake wa kwanza, Mathayo Kasagara, hakuwa Askofu Mkuu, alikuwa jirani.

Wapo wasemao dayosisi nyingi ni mzigo, kwa kuwa ofisi na gari la askofu hulishwa kwa sadaka za wakulima. Hoja hiyo ina uzito, na anayekalia kiti aikumbuke kila aendapo safari. Lakini tangu zamani askofu alipewa fimbo ya mchungaji, na mchungaji hachungi kondoo asiowafikia.